Swali Zuri Lililoachwa Njiani

Nimeitazama tena Girl, Interrupted, filamu ya mwaka 1999 iliyoongozwa na James Mangold, na kwa mara ya tatu nimeinuka kitini na kinyongo kilekile.

Ni mwaka 1967, nchini Marekani. Susanna, binti wa miaka 18 anayeigizwa na Winona Ryder, amemeza aspirini chupa nzima akashushia na vodka. Baada ya mazungumzo mafupi na daktari ambaye hamjui, anapakiwa kwenye teksi hadi Claymoore, hospitali ya magonjwa ya akili, na huko anatia saini ya kulazwa kwa mkono wake mwenyewe. Chimbuko la kisa hicho ni kumbukumbu za Susanna Kaysen, aliyewahi kulazwa McLean, jimboni Massachusetts.

Usiku mmoja wasichana wa wodi wananyatia hadi ofisi ya daktari, na kila mmoja anasoma faili lake. Susanna anakuta ameandikwa kuwa hajui anataka nini maishani, hisia zake hazitulii, na huyatazama mambo kwa kukata tamaa. Anakiri kwamba ndivyo alivyo. Lisa, anayeigizwa na Angelina Jolie, anamjibu kwamba hivyo ndivyo walivyo watu wote. Kwangu mimi, filamu yote imo katika jibu hilo, kwa kuwa linauliza ni nani aliyepewa kalamu ya kuamua kwamba binti huyu ni mgonjwa na yule ni mkaidi tu.

Yupo pia Daisy, ambaye hali ila kuku wa kuoka anaoletewa na baba yake, tena kwa kujificha, na mabaki ya mifupa anayalimbikiza chini ya kitanda. Hapo mtazamaji ameachiwa aelewe mwenyewe kwamba kuna jambo baya kati ya baba na mwana. Baadaye, hata hivyo, Lisa anamtamkia Daisy siri hiyo usoni, na asubuhi Daisy anakutwa amejinyonga. Safari ya kutoroka inayowafikisha Lisa na Susanna nyumbani kwa Daisy haimo katika kitabu. Ilibuniwa kwa ajili ya sinema, na nadhani ndiyo iliyoiharibu. Tangu hapo lile swali la kalamu halisikiki tena, Lisa anafanywa mbaya wetu, na kupona kwa Susanna kunapimwa kwa jinsi anavyojitenga naye. Jolie alipata Oscar mwaka 2000, na sina ugomvi na tuzo hiyo. Ugomvi wangu ni na waandishi waliompa mhusika kweli yote, kisha wakamwadhibu kwa kuisema.

Siku ya kuondoka, Susanna anamkuta Lisa amefungwa mikanda kitandani, anaketi kando yake na kumpaka rangi kucha. Nilitamani wangetuacha hapohapo, kabla teksi haijafika.