Tunda la amla nalipenda, kopo la unga naliogopa

Ukiuma amla mara ya kwanza utakunja uso. Ni tunda la duara, kijani kinachoelekea manjano, lenye mistari sita hafifu kutoka juu hadi chini. Ukali wake unatangulia, kisha unafuata ukakasi unaokausha ulimi. Kunywa maji papo hapo, na maji yale yale ya kila siku yanakuwa matamu mdomoni. Hapo ndipo tunda hili liliponinasa.

Wahindi wamelitumia tunda hili kwa karne nyingi katika tiba ya Ayurveda. Ni moja ya matunda matatu yanayounda triphala, dawa ya unga ya Ayurveda, na ndilo linalobeba chyawanprash, ule mchanganyiko mzito mweusi unaolambwa kwa kijiko. Sifa yake kuu ni vitamini C. Vipimo hutofautiana, lakini mara nyingi gramu 100 za amla mbichi hutajwa kuwa na mamia ya miligramu, na mtu mzima anahitaji takriban 75 hadi 90 tu kwa siku. Tunda moja au mawili yanakutosha. Kwa nini basi tukimbilie unga na vidonge vya amla?

Nauliza kwa uchungu, kwa sababu ya shangazi yangu. Anaumwa kisukari na anameza dawa zake vizuri. Mtu akamshauri unga wa amla, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Siku moja mchana nilimkuta ameketi, mikono inatetemeka, kijasho chembamba kinamtoka. Tulipompima, sukari ilikuwa imeshuka hadi 3.1. Tukampa maji ya sukari, akarudi katika hali yake. Daktari alipomuuliza kama anatumia dawa nyingine, alijibu, "Hapana, mwanangu." Hakudanganya. Kwake yeye amla ilikuwa tunda tu.

Siwezi kuapa kwamba ni ule unga peke yake. Siku hiyo alikuwa pia amechelewa kula. Lakini amla inaweza kushusha sukari, na ukiiongeza juu ya dawa zinazofanya kazi hiyo hiyo, inaweza kushuka kupita kiasi. Vivyo hivyo kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda: amla kwa wingi inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu, kwa hiyo mwenye miadi ya upasuaji amwambie daktari mapema, aache unga angalau wiki mbili kabla. Mjamzito naye ale tunda kama chakula. Unga na vidonge asubiri ushauri.

Kuna tafiti zilizoonyesha amla ikishusha lehemu (kolesteroli) na sukari kwa watu, nami nazifurahia, ila nyingi zilihusisha watu wachache. Hazimpi mtu ruhusa ya kuacha dawa. Na mafuta ya amla hulainisha nywele, sawa, lakini kurudisha mvi kuwa nyeusi ni ahadi nisiyoiamini.

Kinachonitisha zaidi ni kopo lenyewe. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa Boston, wakakuta 14 zina madini yenye sumu: risasi, zebaki au aseniki. Unga huwezi kuukagua kwa macho. Tunda unaliona, unaliosha, unalikata.

Mimi hulikata vipande, nanyunyiza chumvi kidogo, nala baada ya chakula, maana tumbo tupu hunipa kiungulia. Kisha nasukutua kwa maji, na mswaki nauacha kwa nusu saa hivi, kwa kuwa asidi hulegeza ngozi ya juu ya meno. Ile amla iliyolowekwa kwenye sharubati ni tamu kweli, lakini ni sukari tupu, mgonjwa wa kisukari aiache.

Shangazi bado anakula amla yake, nusu tunda, siku moja moja. Siku hizi ameiandika kwenye daftari lake la kliniki, mstari mmoja na dawa zake.