Glitch: kosa lililopungua uzito

Wiki iliyopita nilinunua umeme kwa simu mara moja, nikakatwa hela mara mbili. Nilipolalamika nikajibiwa kwa Kiingereza cha adabu kwamba imetokea glitch. Basi. Hakuna aliyekosea, glitch imetokea, kama mvua inavyonyesha.

Neno hili halikuanza jepesi hivi. Mwaka 1940 Katharine Brush, mwandishi wa safu magazetini Marekani, aliwasimulia wasomaji wake kwamba watangazaji wa redio wakikosea kidogo huita fluff, na wakiboronga hasa ndipo husema glitch. Yaani lilikuwa kosa kubwa, na mwenye kosa alijulikana: ndiye aliyeshika kipaza sauti. Baadaye likahamia kwa mafundi. Mwaka 1962, mwaka uleule alioizunguka dunia mara 3, mwanaanga wa Marekani John Glenn alieleza katika kitabu cha wanaanga wa Mercury, mradi wa kwanza wa Marekani wa kurusha watu anga za juu, kuwa glitch ni kuruka kwa ghafla kwa volti ya umeme. Kosa likatoka mdomoni mwa mtu likajificha kwenye waya.

Kamusi nyingi hulihusisha na Kiyidishi, ambako glitsh ni mahali penye utelezi. Nasi husema kuteleza si kuanguka, na nadhani hiyo ndiyo raha ya wenye mifumo: aliyeteleza tu hadaiwi maelezo.

Kiswahili cha taarifa kina "hitilafu", neno la Kiarabu lenye maana ya kutofautiana. Ndiyo maana watu nao huhitilafiana. Neno zuri, ila tumelichosha. Nyumba ikiungua, hitilafu ya umeme. Nani alifunga nyaya, na nyaya za namna gani, habari imeishia hapo.

Mimi nalipenda la dirishani: "Sistimu imegoma, kaka." Anayegoma ana madai. Kwa hiyo siku nilipokwenda kufuatilia hela yangu nikamuuliza dada wa watu, imegomea nini? Akacheka, kisha akainamisha sauti: tangu wabadilishe programu Ijumaa, haijatulia.

Kumbe wapo waliobadilisha.

Hela ilirudi siku ya tatu, na ujumbe wa kunishukuru kwa uvumilivu wangu wakati wa glitch.