Tunayemsifu kwa Kutokulewa

Kwenye meza ya bia, anayesifiwa ni yule aliyemaliza chupa sita na bado anahesabu chenji bila kukosea. Marc Schuckit, daktari wa magonjwa ya akili wa San Diego, Marekani, ametumia miongo kadhaa kuonyesha kwamba huyo ndiye wa kuhofiwa.

Mwaka 1978 alianza kuwafuatilia vijana wa kiume 453, karibu nusu yao wakiwa na baba mlevi. Kila mmoja alipewa pombe ya kipimo, akaulizwa anajisikiaje, kisha akasimamishwa wima ili ionekane anayumba kiasi gani. Baadhi ya wale wenye baba mlevi walisimama kama mlingoti. Miaka kama kumi baadaye akawatafuta tena. Kati ya watoto wa walevi ambao pombe haikuwatikisa, asilimia 56 walikuwa wamekuwa walevi. Kati ya wenzao ambao pombe iliwalevya upesi, asilimia 14.

Wanaoupinga utafiti wa aina hii husema unampa mlevi kisingizio, "ni damu ya baba", na kuisahaulisha serikali bei na upatikanaji wa pombe. Hili la pili lina uzito: Tanzania ilipopiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vipakiti, mwaka 2017, haikumpima mtu damu. Tena vijana wa Schuckit walikuwa wanaume watupu, wengi wao Wazungu wa mazingira ya chuo kikuu.

Lakini kisingizio kiko wapi? Irudie ile 56. Inawaacha 44 katika kila mia: baba mlevi, miguu imara vilevile, na ulevi hawakuupata. Walichorithi ni breki inayochelewa kushika. Asiyeisikia glasi ya tatu huongeza ya nne, huzoea kukaa na wanywaji wenzake, na kila hatua hapo ina mlango wa kutokea. (Hata hao 14 wanatukumbusha kwamba kulewa upesi si kinga.)

Na wanaolalamika kuhusu gharama za sayansi ya jeni hawajaliona dodoso la Schuckit. Linauliza tu: zile mara tano hivi za kwanza kunywa, ulihitaji glasi ngapi kabla ya kuhisi chochote? Ngapi kabla ulimi haujawa mzito? Ngapi kabla ya kuanza kupepesuka? Muuguzi wa zahanati anaweza kuyauliza kwa kalamu na karatasi.