Kanzu ya Mjomba na Gogo la Mfenesi

Mjomba wangu hajazoea kusimama nyuma ya mtu. Kwenye picha za harusi yangu yupo mbele ya bwana harusi, na bwana harusi ni mimi. Alistaafu jeshini zamani akajenga Bombo, barabara ya Gulu, kwa Wanubi wenzake, ila sauti ya gwaride hakuistaafisha. Kiswahili chake ni kile cha kambini: maneno machache, yote amri. Mtaa mzima humwita Afande. Mkewe, Hajjati, humwita Afande pia, lakini kwa namna inayokuonyesha nani mkuu wa kikosi.

Basi siku aliyonipigia simu kunijulisha kwamba upepo umemwangushia mfenesi uani, na kwamba analeta gogo nimkerezee bakuli la pambo la kuweka kabatini sebuleni, hakuniuliza kama nina nafasi. Alinitajia saa.

Mimi ni mkereza: mti unazunguka kwenye mashine, mimi nauchonga kwa patasi. Kazi yangu iko Ndeeba, Kampala, pale kwenye mbao, ambapo ukipita barabara ya Masaka unalishwa vumbi la msumeno bila malipo. Riziki yangu ni miguu ya vitanda na nguzo za ngazi, mbao za musizi na mugavu kwa wingi. Mvule siku hizi ni adimu, akija nao mteja tunamwamkia mara mbili. Bakuli ni kazi ya starehe, na ni kazi ya roho juu. Mguu wa kitanda unaubana ncha zote mbili, unapiga patasi katikati, umetulia. Bakuli unalifunga upande mmoja tu, kwa skrubu, kwenye sahani ya chuma. Upande wa pili uko hewani, unamtegemea Mungu.

Mfenesi wenyewe sina neno nao. Moyo wake ni wa njano inayokuita toka mbali, na ukikaa miaka unageuka hudhurungi ya kupendeza. Shida ni ubichi. Gogo bichi la mfenesi limejaa maji, na juu ya maji lina ule ulimbo wa fenesi ambao kila Mganda anaujua, kwani tangu utotoni amefundishwa kupaka mafuta mikononi kabla ya kuligusa tunda. Kulikereza likiwa bichi ni sawa kabisa, tena linakatika laini na maranda yanatoka marefu. Lakini huwezi kumaliza kazi siku hiyo. Unaacha ukuta mnene, kwa bakuli la kipenyo cha sentimita 30 waacha kama sentimita 3, kisha unalifukia ndani ya maranda yake lenyewe likauke polepole kwa miezi. Likikauka litakuwa limepinda, si duara tena, ndipo unalirudisha kwenye mashine ulinyooshe na kulipiga msasa.

Nilimweleza Mjomba hayo yote kwa utaratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Leo."

Alikuwa amefika Ijumaa, ametoka kuswali msikiti wa Old Kampala. Kanzu nyeupe pe, imepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Kofia ya kushonwa kwa mkono, yenye maua. Fimbo. Gogo lilikuja nyuma ya boda, limefungwa kwa mipira, na kijana wa boda alilipwa nauli pamoja na hotuba juu ya tairi lake la mbele.

Mashine yetu iko barazani, chini ya bati, ubavu wake umeelekea barabara. Iliungwa Katwe kwa vyuma chakavu, na mota yake maisha yake ya kwanza ilikuwa inasaga mahindi ya posho. Inazunguka kama mara 1450 kwa dakika, nasi tunaipunguza kwa mkanda na magurudumu. Nililipasua gogo, nikalichonga kwa shoka liwe duara la kukisia, nikalifunga. Nikanoa bobari, ile patasi ya kuchimbia. Mjomba akachagua mahali pa kusimama: ng'ambo ya mashine, uso kwa uso na gogo.

"Mjomba, hapo si pazuri. Kitu kikichomoka kinapita hapo hapo."

"Mimi nimesimama mbele ya bunduki."

"Bunduki haina ulimbo, Mjomba."

"Anza kazi!"

Nikaanza kazi.

Watu hudhani gogo bichi linapozunguka hurusha maji ovyo kila upande. Sivyo. Maji yanatoka kwenye ule mzunguko tu, na popote yanapogonga yanachora mstari ulionyooka. Bati la juu lilipata mstari. Sakafu ikapata wake. Na katikati ya bati na sakafu alikuwapo Mjomba, mikono nyuma, akikagua. Mstari ulianzia kwenye paji la uso, ukashuka na pua, ukafuata vifungo vya kanzu kimoja kimoja, ukaishia kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Fundi cherehani mwenye rula asingeweza kuupiga vizuri hivyo.

Mjomba alitazama juu. "Kuna manyunyu," akasema.

Jua lilikuwa linapasua mawe. Nilifungua kinywa nimwambie, akanizuia kwa fimbo. "Tazama mbele! Ongeza mwendo!"

Sasa, kuongeza mwendo si jambo la kuamrishwa. Kipande cha sentimita 30 ukikipeleka mwendo wote wa mota ile, ukingo wake unakimbia zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Boda wa Ndeeba wenyewe kwa mwendo huo huanza kumtaja Mungu. Na gogo lililochongwa kwa shoka bado lina upande mzito, likikimbia linatikisa mashine, baraza, na soda ya jirani. Nikamwambia sawa, Mjomba, naongeza. Nikaongeza sauti ya redio. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema tangu mwanzo alijua mashine ina nguvu.

Taratibu kishindo kikaisha, gogo likawa duara kamili, na nikaanza kulitoa tumbo. Bakuli huanzwa nje, tako lake limekutazama, unakata kutoka kwenye tako kwenda kwenye mdomo, ndani ni baadaye. Kufikia saa tisa alasiri lilikuwa limeshapendeza, la mviringo, laini, njano tupu. Hapo umeme ukakatika.

Umeme ukikatika Ndeeba hakuna anayeshangaa. Kila fundi anajua kibanda chake. Mimi nikaenda kuagiza rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai. Yaliyotokea nyuma yangu nayasimulia kwa ushahidi wa kijana ninayemfundisha kazi, mtoto mkweli, na hasa alivyokuwa anacheka sidhani alikuwa na nafasi ya kutunga.

Mjomba alibaki kulinda. Akakagua swichi: akawasha, akazima, akawasha, akazima, akawasha. Ukaguzi ukaishia hapo. Kisha joto likamzidi, akavua kofia, akatafuta pa kuiweka. Karakana yetu haina mahali safi. Meza ina vumbi, benchi lina gundi, msumari una msumeno. Kitu pekee kilichokuwa safi barazani pale kilikuwa tako la bakuli. Akalivisha kofia. Ikakaa barabara. Kijana anasema Mjomba alirudi nyuma hatua mbili akaitazama, akairekebisha kidogo upande wa kulia, akaridhika.

Nami nilikuwa ndiyo nauma rolex yangu pale umeme uliporudi.

Kofia haikuruka mara moja. Ilizunguka kwanza, kwa heshima, maua yake yakageuka pete. Mjomba alikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye swichi, lakini mwanajeshi huanza na amri. "Simama!" akaiambia. Kofia haikuwahi kwenda jeshini. Ilipanda, ikapita chini ya ukingo wa bati, ikavuka mtaro, ikatua juu ya lori la matooke lililokuwa kwenye jam likielekea mjini. Jam ile ilikuwa haijasogea tangu adhuhuri. Wallahi, ilifunguka dakika ile ile.

Nilichokiona mimi, mdomo umejaa chapati na mayai, ni Mjomba akitoka mbio kufuata lori, fimbo juu, kipara kinang'aa, na kifuani mstari wa njano uliokwisha kukaukia juani.

Mnipe ruhusa niwakumbushe kwamba ulikuwa msimu wa kampeni. Uganda kila chama kina rangi yake, na watu wamekamatana mashati kwa ajili hiyo: NUP nyekundu, FDC buluu, na njano ni ya NRM, walio madarakani. Mzee mwenye kanzu yenye mstari wa njano ulionyooka namna ile, anakimbia katikati ya barabara huku anapunga fimbo, watu wa steji ya boda watamfikiria nini?

"Mzee wa chama! Tuachie ya mafuta!"

"Kofia yangu!" Mjomba akafoka.

"Leteni na kofia! Na fulana!"

"Inakwenda sokoni!"

Wakadhani ndiyo kaulimbiu mpya. "Sokoni!" wakaitikia, wakawasha pikipiki, wakapiga honi. Mpaka ninamfikia alikuwa na msafara. Mama mmoja muuza nyanya alishajipanga mbele kueleza shida ya mtaro.

Tulimrudisha karakanani. Hapo ndipo alipoinamisha macho akajiona. Akaufuata mstari kwa kidole kutoka kola mpaka chini, na kidole kikaganda kwenye ulimbo.

"Nani amenipaka hii?"

Kijana akaangalia gogo. Nami nikaangalia gogo. Muuza chapati, ambaye wala hakuwapo, akaangalia gogo.

Jioni ile nikamaliza kulichimba ndani, maana mteja ni mteja, nikalifukia kwenye gunia la maranda yake. Mjomba alirudi Bombo kwa teksi, amekaa karibu na dirisha, mkono kifuani mwendo wote.

Sehemu iliyobaki ni ya Hajjati. Ulimbo aliuondoa vizuri, kwa mafuta ya kupikia kisha sabuni, anavyofanya kila msimu wa fenesi. Njano ndiyo ilikataa. Akafua, akaanika, akafua. Ndipo jirani mmoja, mtu mwenye nia njema, akamshauri atumie shabu: kama shabu inasafisha maji ya matope, itashindwaje na doa? Wakalowesha kanzu kwenye maji ya shabu usiku kucha.

Sasa hapa elimu ina kazi yake. Mbao za mfenesi zina rangi halisi, rangi ya kutia nguo. Watawa wa Kibudha huko Asia ya Kusini-Mashariki wametia majoho yao njano kwa mbao hizo tangu zamani. Na shabu ndiyo dawa ambayo watia rangi hutumia kuifanya rangi ishike uzi isitoke tena. Hajjati na jirani yake, bila kujua, walifanya kazi ya kiwandani kwa ustadi. Asubuhi mstari ulikuwa unawaka. Aliponipigia simu alisema unaonekana hata taa ikiwa imezimwa. Hapo nadhani aliongeza chumvi.

Lakini Hajjati si mtu wa kulia. Kama mstari hautoki, akasema, basi kanzu nzima iufuate. Akamtuma Afande Ndeeba kuchukua maranda.

Siku hiyo nilikuwa Nateete napeleka miguu ya vitanda. Mjomba akafika, akalikuta gunia, akalimwaga bakuli nje, akabeba maranda yote mpaka vumbi. Bakuli hakulitupa, tumpe haki yake. Aliliweka juu ya bati, katikati ya jua la saa saba, "likauke upesi". Niliporudi nilisikia mlio juu ya paa kabla sijaona kitu. Lilikuwa limepasuka kutoka mdomoni hadi karibu na tako, ufa wa kuingiza vidole viwili, na bado linaendelea.

Kanzu, kwa upande wake, ilitoka vizuri ajabu. Njano moja, tulivu, hakuna doa. Ijumaa iliyofuata Mjomba aliivaa Bombo, na baada ya swala wazee walimzunguka kumuuliza fundi ni nani na anachukua kiasi gani. Wawili walikuwa wa upinzani. Hao walitaka kujua kama fundi ana rangi nyingine.

Nililichukua bakuli nikalifunga kwa waya lisiachane, nikampigia Hajjati nimwandae kwa habari, ili yeye amwandae Afande. Hakunipa nafasi.

"Mwanangu, afadhali umepiga. Nina kanzu sita hapa za watu, na shuka za mama mmoja. Hayo maranda huko mnauza kwa gunia au kwa debe?"

"Mama, nilitaka kukuambia juu ya bakuli."

"Bakuli limefanyaje? Linatoa rangi?"