Mjomba, Injini Haina Tatizo

Nyasi za Ohio hazina adabu. Unazikata Jumamosi, mvua inanyesha Jumapili, Jumatano zinakuchungulia dirishani. Mwezi wa tano ndio msimu wake, zinaota kama zinalipwa. Na huwezi kuziacha tu kama shamba la urithi lenye kesi. Mji wetu una sheria ya urefu wa nyasi, na mwaka juzi nilibandikiwa barua mlangoni, ina nembo na tarehe ya mwisho, kana kwamba nafuga chatu.

Mimi nimesoma bweni, Tabora. Ukichelewa namba, adhabu ni kufyeka: mwalimu wa zamu anapima eneo kwa hatua zake ndefu, anachomeka kijiti, unakabidhiwa fyekeo ambalo halijanolewa tangu enzi za mkoloni. Nilipopanda ndege kuja Marekani niliapa kwamba mimi na majani tumemalizana. Miaka 14 baadaye nina nyumba yenye uwanja wa karibu nusu eka, nasukuma mashine ya mkono jua la saa nane, kiuno kinalia, na hakuna hata mwalimu wa zamu wa kumdanganya kwamba naumwa tumbo.

Nikaitisha kikao cha familia. Mama watoto ndiye mweka hazina.

"Nataka mashine ya kukalia," nikasema.

"Ya kukalia? Unakata majani au unakwenda harusini?"

Nikaeleza kuhusu kiuno. Nikaeleza kwa kirefu. Mwisho akaandika kwenye karatasi, akanisogezea: dola 1,500. "Ikizidi hata senti moja, utalala nayo huko huko nje."

Mpya dukani, ile ya chini kabisa, ilikuwa inakaribia dola 2,000, na zile zenye injini ya kueleweka zilikuwa zimevuka 3,000 zinaendelea na safari. Kwa hiyo ni mtumba. Na kwenye ukoo wetu, likishatajwa neno mtumba lenye injini ndani yake, anapigiwa Mjomba.

Mjomba ni fundi magari wa Gerezani, mtaa wa magereji Dar es Salaam, tangu enzi za Peugeot 504. Akisikiliza injini hufumba macho na kuinamisha kichwa kama mtu aliyeguswa na taarabu. Mashine ya nyasi ya kukalia hajawahi kuiona maisha yake yote, jambo ambalo halikumchelewesha hata dakika kuwa mshauri mkuu.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mwanangu. Injini gani?"

Hakuuliza rangi, hakuuliza mwaka, hakuuliza uwanja wenyewe una ukubwa gani. Kwa Mjomba kila chombo ni injini, vilivyobaki ni mapambo.

Nikamweleza kwamba kwenye mashine hizi majina utakayokutana nayo sana ni matatu: Briggs & Stratton, Kohler na Kawasaki. Mashine iwe ya kijani au nyekundu au njano, ukifunua boneti mara nyingi utamkuta mmoja wa hao watatu amekaa ndani.

"Kawasaki namfahamu," akasema. "Wa pikipiki. Huyo mwingine, Kohler, ni nani?"

Nikakosea kwa kusema ukweli wote. Nikamwambia ni jina la kampuni ya Wisconsin iliyoanza kutengeneza injini 1920, lina heshima zake, na jina hilo hilo liko pia kwenye masinki, mabafu na vyoo vya kukalia.

Simu ikawa kimya. Nikasikia nyundo za Gerezani kwa mbali.

"Mwanangu," akasema taratibu, "sasa si utachanganyikiwa umekalia kipi?"

Nikajitahidi kumtetea Kohler, haikusaidia. Briggs naye, wa mwaka 1908, aliponea chupuchupu: Mjomba alisema jina la watu wawili ni dalili ya kesi ya mirathi. Tukabaki na Kawasaki.

Kwa wiki tatu nilikuwa mwanafunzi. Nikajua tofauti ya silinda moja na silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V: ya silinda moja ni rahisi kununua na rahisi kutengeneza, ila inatetemeka kama mashine ya kusaga, na ya mbili inakwenda laini. Nikajua kwamba kuna injini ndogo ambazo oili yake hurushwarushwa tu na kijiko cha ndani, bahati nasibu, na kuna zenye pampu inayosukuma oili mpaka kunakohitajika na filta ya kuichuja. Nikajua na kwa nini stika nyingi siku hizi zinataja cc, yaani ujazo wa silinda, badala ya nguvu za farasi. Palikuwa na kesi hapa Marekani, ikafunguliwa 2004 na kumalizwa kwa maelewano 2010, watengenezaji wakidaiwa kutia chumvi hesabu ya farasi. Jambo hili lilimfurahisha sana Mjomba. Alilirudia kwa gereji nzima: "Mmesikia? Kumbe na wazungu wanachakachua!"

Kisha nikaipata. Mzee mmoja mstaafu, mwendo wa dakika 40 kutoka kwangu, anahamia kwenye nyumba isiyo na uwanja, anauza yake dola 1,600. Kawasaki, silinda mbili, cc 726, pampu na filta ya oili.

"Cc ngapi?" Mjomba akapaza sauti. "Hizo ni bodaboda karibu tano! Na zote tano zinakwenda kula majani?"

Jumamosi saa tatu asubuhi ya huku, saa kumi jioni ya Dar, nikasimama kwenye banda la yule mzee na simu mkononi, video imewashwa. Upande wa pili palikuwa na Mjomba, na nyuma ya Mjomba vichwa sita au saba, mmoja ana chapati mdomoni.

"Iguse kabla hajaiwasha. Ina joto?"

Nikaweka kiganja kwenye injini kama nampima mtoto homa. Baridi. Vizuri, maana muuzaji mjanja huipasha moto mapema ili usijue kwamba inasumbua kuwaka asubuhi.

"Chomoa kijiti cha oili. Nusa."

"Ninuse?"

"Nusa! Ikinuka petroli, kabureta inavuja, petroli inashukia kwenye oili. Kimbia."

Nikanusa. Mzee akanitazama. Nikafumba macho ninuse vizuri zaidi. Mzee akarudi nyuma hatua moja.

"Washa sasa, tuone moshi. Wa bluu anakula oili, mweusi amezidiwa mafuta."

Ikawaka kwa jaribio la kwanza. Haikukohoa. Moshi hapana, si wa bluu wala wa rangi yoyote. Gerezani wakapiga makofi, simu ikatetemeka mkononi. Mzee akaniuliza hao ni akina nani. Nikamjibu ni familia. Akaniuliza kama wako salama.

Ikaja zamu ya bei. Mjomba akaniagiza kwa Kiswahili, sauti ya chini kana kwamba mzee wa Ohio angeelewa: "Mwambie 900. Akikataa, ondoka. Ila ondoka polepole, bila kugeuka. Atakuita."

Nikasema 900. Akakataa kwa tabasamu. Nikageuka, nikaondoka polepole. Kariakoo, kabla hujamaliza hatua ya tano, unasikia "Kaka, njoo basi, sema ya mwisho." Nikamaliza hatua ya tano. Ya kumi. Nikafika kwenye gari, nikashika kitasa, nikajifanya natafuta ufunguo. Nyuma yangu nikasikia mlango wa banda unashushwa. Mzee ameingia zake ndani kunywa kahawa.

Nimewahi kuaibika katika maisha, lakini kurudi kubisha hodi kwa mtu uliyemwondokea kwa maringo ni aina ya pekee. Tulimalizana kwa 1,400. Nadhani zile mia mbili alipunguza kwa huruma, akijua nina familia yenye matatizo.

Nikaileta nyumbani kwa tela la kuazima. Majirani wakatoka. Binti yangu wa miaka tisa akanipiga picha nimekaa juu, miwani ya jua, mkono mmoja kwenye usukani kama mwenyekiti wa kijiji kwenye gwaride. Uwanja wa mbele niliumaliza kwa dakika sita. Ni mdogo, mkeka tu. Majani yenyewe, yale ya barua, yako nyuma ya nyumba, ndani ya uzio wa mbao.

Nikazunguka ubavuni mpaka kwenye geti la uzio. Nikashuka kulifungua.

Injini ikazima. Puu.

Nikapanda, nikazungusha ufunguo. Kimya. Hata stata haigusi. Nikazungusha tena, nikabembeleza, nikalaani. Mapigo ya moyo yakapanda: dola 1,400, na mama watoto yuko dirishani jikoni anaosha sahani moja kwa muda mrefu sana.

Nikampigia Mjomba. Jopo likakusanyika upya.

"Plagi," akasema mmoja. "Betri," wa pili. "Kapigwa huyo," akasema yule wa chapati. Nikachomoa plagi zote mbili, nikazipangusa, nikazionyesha kwenye kamera mbele na nyuma. Safi kama mpya. Nikapiga msasa vichwa vya betri. Nikafungua filta ya hewa. Mjomba akaanza kunielekeza namna ya kushusha kabureta, na nilikuwa tayari na bisibisi mkononi, vyuma vyangu vimeshapangwa kwenye taulo la mama watoto lile jeupe, binti yangu alipochutama pembeni na kusoma stika iliyo chini ya kiti.

"Baba, hapa kuna picha ya mtu hayupo kwenye kiti, halafu kuna alama ya kosa."

"Nenda ndani mama, baba anafanya kazi."

"Imeandikwa ukiinuka visu vikiwa vinazunguka inazima yenyewe. Na haiwaki mpaka uzime visu."

Nikatazama swichi ya njano ya visu. Ilikuwa juu. Nikaibonyeza chini. Nikarudisha plagi zote, nikakaa, nikazungusha ufunguo.

Ikawaka kwa jaribio la kwanza.

Gerezani hawakupiga makofi safari hii. Baada ya kitambo Mjomba akauliza, "Huyo mtoto yuko darasa la ngapi?"

Hasira, aibu na furaha vikachanganyika nikawa kama mtu aliyefufuka. Saa nzima imekwisha, majani yananisubiri, injini inaimba, geti liko wazi. Nikakanyaga mafuta. Nikaingia.

Pua ikapita. Tairi za mbele zikapita. Halafu ikatokea sauti ambayo siwezi kuiandika, sauti ya chuma kikijadiliana na mbao, nami nikaja mbele nikakumbatia usukani. Mashine ilikuwa imenasa kiunoni, sawasawa na mtu mnene aliyeingia uchochoroni akafanikiwa kupitisha kichwa tu. Nguzo ya kushoto ikainama nje taratibu, kama mlevi anayetafuta ukuta. Lile bawa la plastiki la kutupia majani likakatika, likaanguka kwa heshima.

Nikarudisha nyuma. Haitaki, imeng'ata nguzo. Nikasogeza mbele, nguzo ikazidi kuinama. Upande wa pili wa nyumba hapafai, pamesimama mtambo wa kiyoyozi. Na mimi nimekaa katikati ya geti, nusu yangu nje ya uzio na nusu ndani, cc 726 zinaunguruma bila tatizo lolote.

Mama watoto akatoka. Mkononi ana futi kamba, ile anayotumia kushonea. Hakusema kitu. Akapima geti, akainama akapima deki ya visu, akakunja futi kamba.

"Baba wa watoto. Injini ina cc ngapi vile?"

"Mia saba ishirini na sita."

"Geti lina inchi ngapi?"

Nikatazama mbinguni.

"Arobaini," akasema. "Visu vyako vinahitaji arobaini na nane, na hapo hata bawa sijalihesabu, maana halipo."

Jirani na mtoto wake wa kiume walikuja kutusaidia kuichomoa kinyumenyume. Ilichukua watu wanne na msumeno. Tulipomaliza, jirani akaniuliza kwa upole kwa nini sikupima kwanza. Nikaanza kumweleza habari za pampu ya oili na silinda mbili zenye umbo la V. Alinisikiliza mpaka mwisho, Mungu ambariki.

Geti pana la uzio, nikaulizia, na ufundi wake, ni zaidi ya dola 600. Mweka hazina akanionyesha ile karatasi: 1,500 toa 1,400. Nina mia moja. Mia moja inatosha kununua bisibisi ya umeme.

Kwa hiyo sasa, kila Jumamosi, nafungua skrubu za kipande kizima cha uzio, futi nane, nakiegemeza ukutani. Dakika ishirini. Naingia na mashine, nakata nyuma kote, dakika kumi na tano, kiti kimenikaa vizuri, kiuno hakiumi. Natoka, narudisha kipande, nafunga skrubu. Dakika ishirini na tano, na hapo ndipo kiuno kinapouma. Mbwa wa jirani ameshajua ratiba. Ananisubiri palepale apite kwenye pengo, na dakika nyingine kumi zinakwenda kumkamata.

Mjomba hupiga simu jioni ya Dar, nikiwa bado nimepiga magoti na skrubu mdomoni.

"Vipi mwanangu, inaendeleaje?"

"Injini haina tatizo, Mjomba."

"Nilikwambia," anasema, na nasikia anageuka kuwaambia wenzake.