Mheshimiwa, ule ufa ni wa zamani

Vijana wawili wa soko letu wanaripoti kituo cha polisi kila Jumatatu kwa kosa ambalo, kwa sehemu kubwa, halikutendeka. Sitalitaja soko lenyewe, ila liko kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Mheshimiwa pia sitamtaja, maana kesi haijaisha na sitaki maneno yangu yawaharibie vijana hao.

Yalianzia matangani. Huku kwetu mwanasiasa hana haja ya kuitisha mkutano. Jumamosi ikifika pana msiba mahali, pana hema, pana kipaza sauti. Mheshimiwa alitoa pole kwa dakika mbili, kisha akauingilia mnara wa kumbukumbu ulio katikati ya soko, wenye majina ya watu wa eneo letu waliokwenda na KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, hadi Burma katika Vita vya Pili vya Dunia wasirudi. Akasema wahuni wa maandamano wameuvunja kwa nyundo, wameiba minyororo, wameng'oa bango la shaba na kupasua taa zote. Akasema anawajua, na akataka polisi wafanye kazi yao. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, kwa sababu babu wa mke wangu ni mmoja wa walioandikwa pale.

Usiku huo picha ya mnara uliobomoka ikaenea WhatsApp. Kufikia Jumapili jioni vijana wawili walikuwa ndani. Mmoja huosha pikipiki mita chache kutoka kwenye mnara, na mwingine hukusanya vyuma vikuukuu kwa mkokoteni.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kuangalia kwa macho yangu.

Baba yangu alikuwa fundi mwashi, na nimeshika karai tangu nikiwa mtoto. Zege lililopasuliwa juzi hujulikana. Uso wake ni safi, wa kijivu cheupe, na vipande na vumbi bado viko chini. Nyundo nayo huacha kovu pale ilipopiga. Ufa wa mnara wetu hauna kovu lolote. Ndani ni mweusi, umeota ukungu wa kijani, na sisimizi wamefanya humo njia yao. Nilipoingiza kijiti kilitoka na unga mwekundu wa kutu. Nondo ikifikiwa na maji hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Nondo inavimba, zege linakosa pa kwenda, linapasuka kutoka ndani. Ndivyo mguu wa mnara ulivyofunguka, polepole, msimu wa mvua baada ya msimu wa mvua.

Sikutaka mtu aseme ni maneno ya mtoto wa fundi tu. Mama anayeuza chapati pale pembeni aliniambia, "Ngoja, baba, nina picha." Akanitolea picha ya karatasi ya binti yake siku alipomaliza darasa la nane, nyuma yake muhuri wa studio wa mwaka 2019. Msichana amesimama akicheka, na pembeni ya goti lake ufa ule ule unaonekana, mfupi kidogo kuliko sasa.

Ile picha ya WhatsApp haikunichukua muda. WhatsApp hufuta taarifa za siku na mahali picha ilipopigwa, kwa hiyo lililobaki ni kulinganisha. Mnara wa kwenye picha umesimama juu ya ngazi tatu. Wetu hauna ngazi. Ni mnara mwingine kabisa.

Taa ndizo zilizonikasirisha zaidi. Fundi wa umeme wa pale sokoni alifungua kijimlango kilicho chini ya kila nguzo, nami nikiangalia. Viunganishi vya waya bado vilikuwa ndani ya nailoni vilivyonunuliwa nayo. Hakuna waya uliowahi kupita humo, na chini hapakuwa na kigae cha taa hata kimoja. Zile taa hazijawahi kuwaka.

Bango halikuwa la shaba. Lilikuwa bati lililopakwa rangi, na wanaokaa pale wanakumbuka lilianza kuning'inia kwa msumari mmoja kabla ya maandamano, kisha siku moja halikuonekana tena. Nani alilichukua, siwezi kumsingizia mtu.

Minyororo iliibwa kweli. Vipande viwili vimebaki kwenye nguzo, na ncha zake zina alama za msumeno, chuma bado kinang'aa. Hapa mheshimiwa alisema kweli, na lazima niandike hivyo, la sivyo nami nitakuwa nachagua ukweli unaonifaa. Wizi wa vyuma si hadithi. Mnamo Januari 2022 nguzo za umeme mkubwa zilianguka, nchi ikaingia gizani, na Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kwa miezi kadhaa. Hata kuvunja minara si jambo geni kwetu. Mwaka 2014 hapa Kisumu kundi la watu liliangusha mnara uliojengwa na jamii ya Masingasinga, wakidai ni wa ibada ya shetani. Ilikuwa aibu, na ilifanywa na watu wetu.

Lakini tazama kilichotokea matangani. Neno moja la kweli lilibeba mgongoni matatu ya uongo. Minyororo imeibwa, kila mtu anaona, basi na nyundo ikaaminika, na shaba, na taa. Wenzangu waliniambia penye moshi hapakosi moto. Nikawajibu kwamba moshi huu una mioto minne, na mitatu haijawahi kuwashwa. Aliyekata mnyororo usiku kwa msumeno anahitaji kutafutwa kwa kosa la kukata mnyororo. Kijana wa kuosha pikipiki amebebeshwa kutu ya miaka mingi, waya ambao haukununuliwa, na bati lililokuwa likining'inia kwa msumari mmoja.

Na sisi wa upande huu wa nchi tunajua neno "wahuni" linavyofanya kazi likitamkwa na mkubwa. Tarehe 25 Oktoba 1969, hospitali ilipokuwa ikifunguliwa Kisumu, risasi zilipigwa kwenye umati na watu wakafa, 11 kwa hesabu ya serikali. Maelezo rasmi yakawa kwamba umati ndio ulioanza. Wazee wetu wamezeeka na maelezo hayo. Ndiyo maana nasikia vibaya mtu tuliyempigia kura wenyewe akilitumia neno hilo juu ya watoto wetu bila kupiga hatua mia mbili kutoka kwenye hema akaangalie.

Niliandika barua. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na kuwasilisha ombi hakulipiwi. Nikaandika kwa Kiswahili. Niliuliza mnara ulikaguliwa lini mara ya mwisho, na taa zililipiwa lini. Sheria inatoa siku 21, lakini inasema saa 48 pale uhai au uhuru wa mtu unapohusika. Niliweka wazi kwamba vijana wawili walikuwa korokoroni. Saa 48 zilipita kimya. Jibu lilikuja siku ya 19, ukurasa mmoja, likisema mnara huo uliwekwa kwenye orodha ya kukarabatiwa mwaka wa fedha uliopita "kwa sababu ya nyufa". Swali la taa halikuguswa. Nimeliuliza upya.

Kuna watu wanaofanya kazi hii ya kuhakiki madai kwa weledi, kina Africa Check na PesaCheck, na ninawaheshimu. Hawawezi kufika katika kila soko lenye mnara na kila msiba wenye kipaza sauti. Mama wa chapati yuko pale kila siku, na picha anayo.

Nakala ya barua, picha ya 2019 na picha nilizopiga mimi nimempa wakili wa vijana hao. Seti ya pili nimeipeleka ofisini kwa mheshimiwa, nikasaini kwenye kitabu cha wageni. Ombi langu kwake ni moja. Jumamosi ijayo kuna mazishi mengine, na najua atakuja. Ashike kipaza sauti kile kile, mbele ya watu wale wale, aseme minyororo imeibwa na mengine hayakuwa hivyo. Kisha atuambie fedha za zile taa zilikwenda wapi.