Rejista ya upasuaji wa moyo Uganda: tuhesabu nini, na nani aone?

Kila hoja ya rejista ya taifa ya upasuaji wa moyo inapoibuka Kampala, mazungumzo hukimbilia swali moja: ni wagonjwa asilimia ngapi wanaofariki? Swali halina ubaya, ila linaulizwa mapema mno. Kwanza watu wakubaliane kifo kipi kinahesabiwa, operesheni ipi inahesabiwa, na hesabu inafungwa siku gani. Chukua mgonjwa aliyebadilishiwa vali ya moyo katika hospitali ya Mulago, Kampala, akaruhusiwa siku ya 9, akafariki nyumbani Kitgum siku ya 24. Kitabu cha wodi kinasema katoka akiwa na hali nzuri. Rejista inayofuatilia hadi siku ya 30 inasema amekufa. Vyote viwili vimeandikwa kwa uaminifu, na kwa kituo chenye operesheni chache, wagonjwa wawili wa namna hiyo wanatosha kuibadilisha taarifa ya mwaka mzima.

Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianza mwaka 1988 ndani ya Mulago, na sheria ya mwaka 2016 ikaipa mamlaka yake yenyewe. Wagonjwa wake wengi wa upasuaji ni wa aina mbili: watoto waliozaliwa na kasoro za moyo, na vijana ambao vali zao zimeharibiwa na homa ya rumatiki. Wengine wamepelekwa India, au Khartoum katika Kituo cha Salam ambacho shirika la misaada ya matibabu la Emergency lilikifungua mwaka 2007, kabla vita vya Sudan vya Aprili 2023 havijavuruga njia hiyo. Sasa kuna mpango wa jengo kubwa zaidi kule Naguru. Idadi ya operesheni ikiongezeka, hoja ya kupima matokeo haitakwepeka, na ni nafuu kuianza sasa wakati majina yote bado yanaweza kukaguliwa na watu wawili kwa mchana mmoja.

Wanaoitetea rejista wana ushahidi mzito. Mwaka 1987 madaktari wa upasuaji wa moyo wa majimbo ya Maine, New Hampshire na Vermont, Marekani, waliunda kikundi cha kukusanya matokeo yao pamoja. Hawakutangaza majina ya mtu. Walirudishiana takwimu, wakafundishwa mbinu za kuboresha huduma, kisha wakatembeleana: daktari, muuguzi, mtaalamu wa usingizi na mwendesha mashine ya moyo na mapafu wakaingia chumba cha operesheni cha wenzao kutazama kazi inavyofanyika. Vifo vya hospitalini katika upasuaji wa mishipa ya moyo vilishuka kwa asilimia 24 chini ya kiwango kilichotarajiwa. Takwimu ziliwaonesha tofauti ilipo, ila kilichowaonesha sababu ni zile ziara, na hicho ndicho kipande ambacho wapangaji wa miradi hukisahau wanaponunua kompyuta.

New York ilifuata njia nyingine. Jimbo lilianza kukusanya takwimu mwaka 1989, na baada ya gazeti moja kwenda mahakamani, matokeo ya kila daktari yakawekwa wazi. Vifo vilivyorekebishwa kwa hatari ya mgonjwa, yaani vikihesabiwa kwa kuzingatia ukali wa hali aliyoingia nayo, vilishuka kutoka asilimia 4.17 mwaka 1989 hadi 2.45 mwaka 1992. Ushindi? Kwa kiasi. Katika miaka hiyo hiyo, wagonjwa walioandikwa kuwa na ugonjwa sugu wa mapafu waliongezeka kutoka asilimia 6.9 hadi 17.4 ndani ya miaka miwili tu. Mapafu ya watu wa New York hayakuharibika ghafla hivyo. Madaktari walijifunza kwamba kila ugonjwa wa ziada unaoandikwa kwenye fomu huongeza hatari inayotarajiwa, na hivyo huwapendezeshea matokeo. Wengine walikuwa wanaandika tu kile walichokuwa wakikisahau zamani, na fomu peke yake haiwezi kutofautisha hao na wale waliotia chumvi. Palikuwa pia na madai kwamba wagonjwa wa hatari kubwa walikuwa wakisukumwa hospitali za nje ya jimbo. Uchunguzi mwingine ukaonesha kwamba waliotoka nje ya jimbo hawakuongezeka. Mjadala huo haujafungwa, na asikudanganye mtu wa upande wowote kwamba umefungwa.

Hoja ya kwanza ya wapinzani hapa Uganda ni uchache wa operesheni, na hesabu iko upande wao. Kituo kikifanya operesheni 100 kwa mwaka na kufiwa na wagonjwa 5, tunasema asilimia 5. Lakini kwa bahati peke yake, kiwango halisi cha kituo hicho kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 1.6 na 11.3. Daktari mmoja mwenye operesheni 50 bila kifo hata kimoja hajathibitisha kwamba hatari yake ni sifuri. Inaweza kufika karibu asilimia 6. Kupanga madaktari watatu au wanne kwa namba za aina hiyo, kisha kuzitundika gazetini, ni kupiga ramli kwa kutumia desimali.

Dawa ya uchache ipo, ingawa si kamili. Badala ya kusubiri mwaka uishe, kila operesheni inaingizwa kwenye mchoro unaojumlisha. Mgonjwa mwenye hatari ya asilimia 4 akipona, mstari unapanda kwa 0.04, akifariki, unashuka kwa 0.96. Kwa hiyo kifo kimoja hufidiwa na waliopona 24 wa hatari hiyo hiyo. Mstari ukiteremka mfululizo, timu inakaa na kupitia mafaili: damu ilichelewa? Aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, ilibanwa muda mrefu kuliko kawaida? Waliofariki wote walipata maambukizi ya kidonda baada ya kifaa kimoja cha kuchemshia vyombo kuharibika? Mchoro huo hautoi hukumu. Unasema tu tazameni hapa, wiki hii.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na kwa maoni yetu haijadiliwi vya kutosha. Ili kulinganisha vituo, lazima ujue kila mgonjwa aliingia na hatari kiasi gani. Kwa watu wazima, kipimo kinachotumika sana ni EuroSCORE II, kilichotengenezwa kwa takwimu za wagonjwa zaidi ya 22,000 waliopasuliwa mwaka 2010, wengi wao wa Ulaya na wazee kuliko wa kwetu. Kinauliza umri, figo, kisukari cha insulini, mshtuko wa moyo wa karibuni, shinikizo kwenye mishipa ya mapafu. Sasa mpitishe humo msichana wa miaka 19 kutoka Lira mwenye vali ya mitrali (ya upande wa kushoto wa moyo) iliyokakamaa, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na uzito wa kilo 38. Umri wake unamshushia hatari. Uzito hakiuhesabu kama hatari yenyewe, unaingia tu katika hesabu ya figo. Mapigo yasiyo na mpangilio hakiyaulizi pia. Kinaweza kukupa hatari ndogo kwa mgonjwa ambaye kila aliyeko chumbani anajua ni mgumu, na akifariki, kituo kitaonekana kimezembea.

Kwa watoto kuna RACHS-1, inayogawa operesheni katika makundi sita kwa ugumu wake. Inasaidia, maana kufunga mshipa uliobaki wazi tangu kuzaliwa si sawa na kurekebisha tetralojia ya Fallot, kasoro nne za moyo zinazokuja pamoja. Lakini mtoto anayefika akiwa na miaka 6 badala ya miezi 6, mishipa ya mapafu imeshakakamaa na lishe ni duni, hamo ndani ya kundi lolote. Njia ya busara ni kutumia vipimo hivi kama mahali pa kuanzia, kukusanya pia uzito, urefu, mdundo wa moyo, hali ya vali ya trikaspidi (ya upande wa kulia wa moyo) na oksijeni ya damu kabla ya operesheni, kisha baada ya wagonjwa mia kadhaa kurekebisha kipimo kiendane na watu wetu. Hadi hapo, uwiano wa vifo vilivyotokea kwa vilivyotarajiwa utumike ndani ya timu, usitoke nje.

Fomu yenyewe iwe fupi. Rejista kubwa za Marekani zina vipengele mamia, na zina makarani wanaolipwa kuvijaza. Hapa, ukimpa muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi kurasa kumi na mbili, atazijaza usiku wa manane kwa kukisia, au ataziacha. Vipengele 40 vinatosha, vikigawanywa kwa anayekijua kila kimoja. Daktari anayempokea mgonjwa ajaze ugonjwa, eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) na kreatinini (kipimo cha figo) kabla ya operesheni. Mwendesha mashine ajaze dakika za mashine na dakika ambazo aota ilibanwa, kabla hajatoka chumbani. Muuguzi ajaze saa za kupumuliwa kwa mashine, kurudishwa kwa ajili ya kuvuja damu, kiharusi, maambukizi. Hatari ya mgonjwa iandikwe na kufungwa kabla ya kisu, isiweze kubadilishwa baada ya matokeo kujulikana. Hilo peke yake lingepunguza baadhi ya yaliyotokea New York.

Halafu ukaguzi. Kosa baya kuliko yote katika rejista ni mgonjwa ambaye hakuingizwa kabisa, na mara nyingi ndiye aliyefia mezani, kwa sababu faili lake lilikwenda moja kwa moja kwenye kikao cha vifo. Kila Ijumaa, karani alinganishe rejista na kitabu cha chumba cha operesheni. Kila mwisho wa mwezi aende stoo. Upasuaji unaotumia mashine ya moyo na mapafu hutumia oksijeneta mpya, kifaa kinachotia oksijeni kwenye damu, kwa kila mgonjwa. Kama zimetoka 11 na rejista ina wagonjwa 10, kuna maelezo yanayotakiwa: labda moja iligoma katikati ya kazi ikabadilishwa, labda moja ilifunguliwa na operesheni ikaahirishwa, labda mgonjwa mmoja hajaandikwa. Stoo haina sababu ya kumficha mtu. Juu ya hayo, faili moja katika kila kumi lisomwe upya na mtu asiye wa timu.

Tukija kwenye ufuatiliaji, ndipo rejista nyingi za Afrika huanguka. Tuseme wagonjwa 60, vifo 3 vinavyojulikana, na 9 ambao simu zao hazipatikani. Ukigawa 3 kwa 60 unapata asilimia 5. Ukiwatoa waliopotea unapata 5.9. Ukihesabu kwamba wote 9 wamekufa unapata 20. Rejista ya kweli huchapisha namba zote tatu, na hufanya bidii kuwapunguza wale 9: namba tatu za simu wakati wa kulazwa, moja iwe ya mtu asiyeishi naye nyumba moja, jina la kijiji na namba ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na kituo cha afya kilicho karibu ambacho timu ya afya ya kijiji inakijua.

Uganda haianzi na karatasi tupu. Rejista ya ugonjwa wa moyo wa rumatiki imekuwapo kwa zaidi ya mwongo mmoja, ikiwa na vituo hadi Mbarara na Gulu. Uchambuzi wa wagonjwa wake 1,504 ulionesha kwamba asilimia 57 hivi tu ndio waliobaki kwenye huduma, lakini kati ya waliobaki, zaidi ya asilimia 90 walikuwa wameandikiwa sindano ya penisilini ya kuzuia ugonjwa kurudi. Dawa haikuwa tatizo kubwa; tatizo lilikuwa watu kupotea. Bila rejista, nani angelijua hilo kwa namba?

Ndiyo maana siku 30 hazitoshi. Kijana aliyewekewa vali ya chuma anaweza kuonekana mzima siku ya 30, kisha vali ikazibwa na damu iliyoganda mwezi wa nane kwa kuwa kipimo cha INR, kinachopima kasi ya damu kuganda, kiko kilomita nyingi kutoka kwao na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, iliisha. Msichana akishika mimba, warfarini hiyo hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Vali ya mnyama humwepusha na hayo, ila kwa kijana huchakaa mapema na kumrudisha mezani. Kurekebisha vali yake mwenyewe kunapowezekana kuna faida na mashaka yake. Daktari anayechagua kati ya njia hizo anahitaji matokeo ya mwaka 1 na ya miaka 5 ya watu wanaoishi kama mgonjwa wake, na vitabu vya Ulaya haviwezi kumpa.

Je, majina yatangazwe? Wanaosema ndiyo wanaikumbusha Bristol, Uingereza. Huko mtaalamu wa usingizi Stephen Bolsin alikusanya takwimu za watoto waliokuwa wakifa baada ya upasuaji wa moyo, na miaka ikapita bila wakubwa kuchukua hatua. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2001 ulikadiria kwamba kati ya 1991 na 1995 watoto 30 hadi 35 wa chini ya mwaka mmoja walikufa zaidi ya ambavyo ingetarajiwa. Takwimu zilikuwapo, zikafungiwa ndani. Hoja hiyo haipuuziki. Lakini kwa idadi zetu, msimamo wetu ni matokeo ya taasisi yatangazwe kwa miaka mitatu ikijumlishwa pamoja, ya daktari mmoja mmoja yabaki ndani, na mkaguzi atoke nje ya nchi, Dar es Salaam au Nairobi, akiwa na haki ya kuripoti moja kwa moja wizarani. Siri bila jicho la nje ni Bristol nyingine.

Faragha ya wagonjwa nayo isichukuliwe juu juu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaziweka kumbukumbu za matibabu katika kundi la data maalumu. Kuondoa jina hakutoshi: binti wa miaka 11 kutoka Kaabong aliyefanyiwa operesheni isiyo ya kawaida anatambulika na wilaya nzima. Taarifa za hadharani zitaje kanda, zisitaje wilaya, na makundi madogo yaunganishwe.

Gharama? Karani mmoja anayelipwa vizuri, muda wa maongezi wa simu, na siku chache za mkaguzi. Anayesema fedha hizo zingenunua vali ana haki ya kusema hivyo, maana foleni ni ndefu. Na foleni hiyo ndiyo tungeianzia. Mgonjwa aingie kwenye rejista siku kikao cha madaktari kinapoamua kwamba anahitaji upasuaji, hata kama hajapata fedha wala nafasi. Hospitali inayowakataa wagonjwa wagumu itaona vifo vya mezani vikipungua huku vifo vya foleni vikiongezeka, na safu hizo mbili zinapaswa kuchapishwa kwenye ukurasa mmoja.